Kaka Aliyeko Zambia

Kaka yangu hajawahi kufanya kazi Zambia. Wakwe zangu wanaamini yuko huko, kwenye migodi ya shaba, na kwamba ana mke wa huko, wa kabila la Wabemba, na watoto wasiojua Kiswahili. Huyo mke nilimwongeza mimi mwenyewe siku moja nilipobanwa maswali jikoni, na watoto wakaja kwa sababu mke asiye na watoto angezua maswali mengine. Siogopi kwamba wakwe zangu watasoma haya. Hawasomi vitabu, wanasoma bei za mahindi kwenye simu.

Sisi ni watu wa Hasamba, kijiji kisicho mbali na mpaka wa Zambia, wakulima wa kahawa. Kaka ndiye kifungua mimba wa mama, mimi nikafuata miaka mitano baadaye. Alikuwa chuo cha ualimu, mwaka wa pili, wenzake wawili walipomleta nyumbani wakiwa wamemshika mikono. Alikuwa hajalala siku nyingi. Alisema redio ya jirani inamtaja jina, na akapigilia madirisha ya chumba chake misumari. Mama akiwasha moto, anakuja kuumwagia maji, eti moshi utawaonyesha alipo. Hao wa kuonyeshwa hakuwataja.

Ndani ya wiki moja kijiji kizima kikageuka daktari. Wengine walisema amesoma sana, akili zimefurika, kana kwamba kichwa ni ndoo. Aliyekuwa na kinyongo na baba yangu mdogo akasema baba mdogo amemtupia kitu ili arithi shamba la kahawa la bondeni. Vijana wakasema ni bangi tu, wakati kaka hata sigara ilikuwa inamkohoza. Mwinjilisti alisema kuna dhambi nyumbani haijatubiwa, akawa anamwangalia mama, na mama, ambaye dhambi yake kubwa ilikuwa kulala ibadani, akaanza kujichunguza maisha yake yote. Wanawake tuliokuwa tunaanika nao kahawa walihamisha vichanja vyao mbali na chetu, kwa sababu waliambiwa mate ya kichaa yanaambukiza. Nikamwuliza mmoja wao, yeye wazimu wake aliambukizwa na nani. Hatukusalimiana mpaka msimu ukaisha.

Tulizunguka kwa waganga mwaka mzima. Alifukizwa, alichanjwa kifuani, alinyweshwa vitu vilivyomharisha mpaka akawa hawezi kusimama, na alipokuwa hawezi kusimama watu walisema ametulia. Mwishowe mama alichoka. Siku moja, bila kumuaga baba, alimchukua kaka mpaka hospitali. Muuguzi wa huko alimweleza kwamba huu ni ugonjwa kama kisukari, una dawa, ila dawa yake haina likizo. Sindano kila mwezi, siku ya Jumatano, na vidonge kila jioni.

Miezi minne baadaye tulikuwa tunakula, kaka akaonja maharage niliyopika, akakunja uso. "Wewe, hii chumvi umemwaga au umetia?" Nikatoka nje nikalia nyuma ya banda la kuku. Kwa mwaka mmoja na nusu mtu yule alikuwa anakula chochote unachompa bila kukiona, na sasa alikuwa ananigombeza. Kaka yangu alikuwa amerudi.

Alikaa mzima miaka miwili. Kazi yake ilikuwa kwenye vichanja, kuchambua kahawa iliyovunjika na iliyoliwa na wadudu, na alikuwa na jicho kuliko sisi wote. Alirudi kwaya, sauti ya nne. Kadi yake ya kliniki alitembea nayo mfukoni, na vijana wakimchokoza aliitoa akawaonyesha. "Mimi mwenzenu wazimu wangu una cheti. Ninyi uzima wenu una cheti gani?" Walicheka, naye akacheka, lakini kikombe alichonywea chai kanisani hakuna aliyekigusa tena hadi kioshwe kwa maji ya moto. Aliliona hilo. Akaanza kwenda na kikombe chake.

Baba hakuwahi kuutaja ugonjwa. Alisema "ile homa yake." Na baba alikuwa na imani moja ambayo nilikuja kujua baadaye kwamba si yake peke yake, nusu ya watu niliokutana nao wanayo: kwamba mtu akiwa bado anameza dawa za kichaa, basi bado ni kichaa, na siku akiziacha ndipo atakuwa amepona. Kila Jumatano ya sindano alinuna. Alikuwa mtu mwema, baba yangu. Msemo wake alioupenda ni kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye, na nilimwamini mpaka siku nundu ilipoanza kuonekana na wageni.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane nilipopata mchumba. Kwa Hasamba huo umri watu wanakuita dada kwa sauti ya pole. Alikuwa mfanyabiashara wa mazao wa Mlowo, alikuja kununua kahawa, akaanza kuja hata siku ambazo hakuna kahawa. Nilimpenda. Nasema hivi ili mtu asidhani nilisukumwa.

Kwetu msichana haolewi peke yake, unaolewa ukoo. Kabla barua ya posa haijaletwa, upande wa mwanamume hutuma mtu mzima aje anuse. Alikuja mama mmoja, akajifanya anatafuta mbegu ya maharage, akapita nyumba tatu za jirani bila kufika kwetu. Anachouliza kinajulikana, hata mtoto anaweza kukisema kama sala: kwao kuna kifafa? Kuna kichaa? Kuna aliyejinyonga? Na majirani wanajua kujibu, kwa sababu kila nyumba ina binti na kila nyumba ina chake cha kufunika. Leo unamfunika mwenzio, kesho atakufunika.

Jirani yetu wa chini alikuja mbio, kanga inamvuka, kutuambia alichojibu. "Ameniuliza kijana wenu mkubwa yuko wapi. Nikamwambia hayupo, yuko Zambia kikazi, mwaka wa tatu sasa. Nimekosea?"

Mama akamshukuru. Baba akamshukuru. Mimi nilimkumbatia.

Lilikuwa jibu zuri. Huku kwetu nani hana ndugu ng'ambo? Mtu akisema yuko Zambia hakuna anayeshangaa wala kudai barua. Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba mtu mwenyewe alikuwa amekaa hapo mlangoni, anachambua kahawa.

Tuliitana jioni ile sebuleni, wanne tu. Baba alianza kuzunguka, mara ukoo, mara heshima, hakuna aliyemwelewa. Mimi ndiye niliyesema. Nilisema kaka aende Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa shangazi, wiki mbili, mpaka washenga waje na waondoke. Nilisema kwa ufupi na kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepanga nani aende kisimani.

Kaka alicheka. "Kumbe nimepata kazi nje na sina habari!" Kisha akauliza, "Na kliniki?"

"Jumatano ya mwezi ujao utakuwa umesharudi," nikamwambia.

Nilimsindikiza mimi. Tunduma tulivuka kama wenyeji wanavyovuka, kila mtu na mfuko wake, katikati ya malori na watu wa kubadilisha pesa. Kaka alibeba nguo mbili na vidonge vyake. Shangazi alitupokea vizuri, akatuandalia ugali na samaki, akaniambia nisiwe na wasiwasi, mtoto wa kaka yake ni mwanawe. Kaka alinisindikiza mpaka barabarani. Alinitania kwamba mfanyabiashara wa mazao ataniweka kwenye mizani kabla ya kunioa.

Washenga walikuja wiki ileile waliyosema. Lakini nani aliyewahi kuona posa ikaisha kwa siku yake? Barua ilijibiwa, kikafuata kishika uchumba, wakaja kujitambulisha, wakaahirisha kwa sababu ya msiba wa kwao, wakaja tena. Kila hatua walikaa sebuleni kwetu, wakamuulizia kaka wa Zambia, na baba akasema mzima, anawasalimu. Kila hatua tulijiambia kaka atarudi ikipita hiyo. Jumatano ya kwanza ilipita. Nikasema mwezi mmoja hauui. Ya pili ikapita, na safari hii sikusema kitu.

Shangazi naye alikuwa na imani yake. Alimpeleka kwenye nyumba ya maombi ya jirani, akalazimishwa kufunga kula siku saba, na siku ya saba vidonge vikatupwa chooni mbele ya waumini wakiimba. Nilipompigia nikamuuliza kwa ukali ni nani aliyemruhusu, akanijibu taratibu, kwa ule upole wa watu wa ng'ambo. "Awe, hapana, mwanangu. Vile ndivyo vilivyokuwa vinamfunga. Sasa hivi yuko huru, ametulia kabisa, anaomba."

Nilimwambia baba. Baba akafurahi. Aliinua mikono yote miwili, sebuleni, akamshukuru Mungu kwa kumponya mwanawe, na mimi nikasimama pale nikijua muuguzi alisema nini, nikitaka sana baba ndiye awe sahihi.

Siku kumi kabla ya harusi simu yangu iliita, namba ya Zambia. Nilikuwa kwa fundi nguo, nimevaa gauni limejaa pini.

"Mdogo wangu," alisema kaka. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kukimbizana. "Naanza kusikia tena. Bado najua si kweli, lakini nasikia. Njooni mnichukue niwahi sindano. Nikichelewa sitakubali kuja, unanijua."

Alijua. Hakuna aliyeujua ugonjwa ule kama mwenyewe. Alikuwa amesimama ukingoni na akili yake timamu mkononi, anatuita. Na mimi niliangalia gauni kwenye kioo cha fundi, nikafikiria nyumba yetu iliyojaa shangazi na wajomba na wanawake wa kupika, na wifi zangu watarajiwa ambao walikuwa wanaingia na kutoka kila siku, nikamwambia, "Vumilia kaka. Siku kumi tu. Siku ya kumi na moja nakuja mwenyewe."

"Haya," akasema. "Usijali. Utapendeza."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia kama kaka.

Kwenye sherehe ya kuniaga, mshereheshaji alisoma kikaratasi. Salamu kutoka kwa kaka mkubwa wa bibi harusi, aliyekosa ruhusa kazini Zambia, anamtakia mdogo wake ndoa yenye baraka na watoto kumi. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Mama mkwe alisimama akacheza. Kikaratasi kile nilikiandika mimi, kwa mwandiko wangu, na hao watoto kumi niliwaweka kwa sababu ndivyo yeye angetania.

Siku ya kumi na moja nilikuwa Mlowo, bi harusi, situmwi hata maji. Siku ya kumi na tatu shangazi alipiga simu analia. Kaka alikuwa ameondoka alfajiri, miguu mitupu, na hakuna aliyejua kaelekea wapi.

Baba alimpata baada ya majuma sita, upande wetu, kwenye foleni ya malori kati ya Tunduma na Mpemba, amevaa koti la mtu mnene na amebeba makopo kwenye kamba. Alipomsogelea kaka alikimbia. Baba akarudi mara ya pili na ya tatu, na kila mara alirudi nyumbani akiwa ameongezeka uzee. Muuguzi wa kliniki, mama alipomfuata, alisema wanaweza kuja na gari na watu wanaojua kumshika mgonjwa bila kumuumiza, wamlete nyumbani, waanze sindano upya. Alisema wasichelewe, kila anapozidi kukaa nje kurudi kwake kunazidi kuwa kugumu.

Baba alikataa. Gari la hospitali likiingia Hasamba mchana, alisema, habari itafika Mlowo kabla ya jua kuzama. Mume wa binti yetu atajua. Ngojeni kwanza mtoto apate mimba, ndoa ikae.

Nikapata mimba. Akasema ngojeni ajifungue salama. Nikajifungua wa kike, baba akasema ngojeni apate wa kiume, wakwe hawatamrudisha mwanamke aliyewazalia wa kiume. Na mimi sikuwahi kusema hapana. Ningeweza kumwambia mume wangu ukweli, naye alikuwa chumba cha pili tu, hata simu isingehitajika. Nilikuwa na mdomo mkali kwa kila mtu isipokuwa kwenye jambo hilo. Nilijiambia nawalinda watoto. Kisha nikajiambia kaka amezoea.

Mama pekee ndiye aliyekuwa anakwenda. Kila siku ya gulio la Tunduma alipika ugali na mboga za maboga, akafunga kwenye kitambaa, akawaambia watu anakwenda kuuza ndizi. Wakati mwingine alimpata, akala. Wakati mwingine alirudi na chakula. Baba alipofariki, mwana mkubwa wa kiume hakuwepo kutupa udongo wa kwanza, na waombolezaji kutoka Mlowo walitikisa vichwa kwamba hizo kazi za nje nazo ni utumwa, mtu anakosa hata kumzika baba yake. Mama alikuwa amekaa karibu yangu. Alinibana mkono mpaka kucha zikaingia. Mwaka huu miguu ya mama haifiki tena Tunduma.

Binti yangu sasa anaingia kidato cha tatu. Miaka michache ijayo mtu mzima atatumwa, atapita kwa majirani akitafuta mbegu ya maharage. Najua nitakachotaka majirani wajibu. Wanaosema siku hizi watu wameelimika, kwenye redio kuna vipindi, kliniki zipo, wanasema kweli. Mimi nilielimika kabla yao. Nilijua dawa, nilijua siku ya sindano, nilijua hata saa. Kilichomtupa kaka barabarani si ujinga.

Mwaka jana, msimu wa mahindi mabichi, tulikuwa tunatoka msibani Tunduma, mume wangu anaendesha, mama mkwe mbele karibu naye na mimi nyuma. Mpemba foleni ikatukwamisha katikati ya malori. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, vioo tumeshusha. Mama mkwe alimwita muuza mahindi ya kuchemsha, akanunua matatu, na wakati anachagua la nne nikamwona mtu anakuja katikati ya magari, polepole, anasoma namba za malori kwa sauti.

Nywele zilikuwa zimekuwa mvi upande mmoja. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba, umefungwa kitambaa cheusi kwa uchafu. Sikuwa nimemwona kwa karibu tangu siku aliponisindikiza barabarani Nakonde. Alifika dirishani kwangu akasimama. Alinitazama, na nikaona kabisa macho yake yakinitambua, kama mtu anayewashiwa taa chumbani. Akafungua mdomo akaanza kuniita kwa jina la utotoni ambalo watu wa nyumbani kwetu tu ndio wanalijua. Alifika nusu.

Kisha akamwona mama mkwe, na kitenge chake cha msibani, amegeuka anamtazama. Akamwona mume wangu mkono kwenye usukani. Akafunga mdomo. Alirudi nyuma hatua moja, akavuta koti lake likae sawa kifuani, akaweka mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Shikamoo, mama," akamwambia mama mkwe.

"Marahaba, mwanangu," akajibu mama mkwe, akampa hindi. Akanigeukia. "Umeona? Kichaa, lakini ana adabu kuliko hawa wazima wetu. Huyu alilelewa. Sijui ni watu gani wanaweza kumtupa mtoto kama huyu."

Mlango ulikuwa upande wangu. Kitasa kilikuwa chini ya mkono wangu, na nilikuwa nimekishika.

Kaka alinigeukia mimi, mdogo wake niliyebebwa mgongoni mwake kwenda kuteka maji. Aliinamisha kichwa kidogo, kwa heshima, kama unavyomsalimu mke wa mtu usiyemjua.

"Shikamoo," akasema.

Mume wangu alikuwa ananitazama kwenye kioo, anasubiri, kwa sababu mtu akikusalimu unamwitikia.

"Marahaba," nikasema.

Foleni ikasogea.